Punda wa Tepe Tatu

Punda alirudi Oldonyiro mwaka 1946 na blanketi moja la jeshi, kikohozi kisichosikia dawa, na tepe tatu zilizoshonwa kwenye kitambaa cha mguu wa mbele. Alivuka Ewaso Nyiro jioni, na mbuzi waliokuwa wakinywa maji wakanyanyua vichwa wakaulizana huyu ni wa nani. Mbuzi husahau upesi. Akina mama wa manyatta hawakuwa wamesahau: kabla hajamaliza kuitikia salamu, madebe mawili ya maji yalikuwa yamekwisha kufungwa mgongoni mwake. Walimngoja miaka sita na kazi ilikuwa imerundikana.

(Msomaji asiniulize punda wa mwaka 1946 ameishi vipi hadi enzi za simu za mkononi. Hekaya haiombwi cheti cha kuzaliwa. Ofisi ndizo huomba, nasi tunaelekea huko.)

Alikuwa askari wa Keya, ndivyo wazee wanavyoiita King's African Rifles. Walimchukua Isiolo mwaka 1940, wakati malori ya jeshi yalipokuwa yakipita hapo kwenda kuwatoa Waitaliano Uhabeshi. Baada ya Uhabeshi akapakiwa melini hadi Ceylon, na mwaka 1944 akajikuta Bama, yaani Burma, katika bonde la Kabaw, ambalo waliotangulia walikuwa wamekwisha kulibatiza Bonde la Mauti. Divisheni yake, ya 11 ya Afrika Mashariki, ilivaa beji ya kichwa cha kifaru. Hakuna kifaru hata mmoja aliyekwenda. Waliokwenda ni punda.

Mvua ya Oldonyiro hupiga hodi, ikaona vumbi, ikaomba radhi na kuondoka. Ya Kabaw haikuwa na adabu hiyo. Ilinyesha hadi malori yakazama kwa ekseli na baghala wakazama kwa matumbo, na usiku ndipo Punda alipopakiwa makombora ya mota akaambiwa atangulie. Ruba walimwingia masikioni. Kila alfajiri mwenzake mmoja aliwachoma mmoja mmoja kwa ncha ya sigara, akiwahesabu kwa sauti, na walipofika ishirini walikuwa wanacheka wote wawili. Mwenzake huyo hakurudi. Desemba walipovuka mto Chindwin pale Kalewa, Farasi, aliyekuwa afisa, alitamka mbele ya kombania nzima kwamba bila Punda mota zisingefika ukingoni, akampa tepe ya tatu. Farasi mwenyewe alivuka baadaye, daraja lilipokwisha kujengwa na chai kuandaliwa ng'ambo.

Basi huyo ndiye sajini tunayemzungumzia. Shida yake haikuanzia vitani. Ilianzia mezani.

Kambini, siku ya kuachishwa jeshi, walipanga foleni mbele ya Kanga. Kanga alikuwa amejifunza kuandika lakini hakuwa amejifunza jeshi. Alipomwona Punda na zile tepe, hakujua ziitweje, naye hakuwa ndege wa kuuliza. Akaandika alichokiona: Punda, milia mitatu. Kwa haki, hapo hapakuwa na uongo. Karatasi ikaenda kwa Kware, ambaye kazi yake ilikuwa kunakili karatasi za kambi kwenye kitabu kikubwa, na kitabu kikubwa kilikuwa na safu nyembamba. Neno la mwisho halikuenea. Kware akaandika: Punda, milia. Kisha kitabu kikapelekwa Isiolo, kikawekwa kabatini, na mchwa wa Isiolo, ambao huanza na vitu vidogo, wakaanza na mkato.

Kilichobaki: Punda milia.

Malipo ya kuachishwa jeshi yalikuwa yamepangwa kwa aina ya mnyama. Kwa kila mwezi wa utumishi, farasi alipata shilingi 10, ngamia 5, punda 3 na nusu. Tarakimu hizo sikuzibuni. Mwaka 2019 waandishi wa habari walianika hati ya Waingereza inayoonyesha kwamba askari wa cheo cha chini aliyetoka koloni za huku, akiwa mzungu, alikadiriwa shilingi 10 kwa mwezi, Mwasia 5, na Mwafrika 3 na nusu. Risasi za Wajapani hazikuwa na orodha hiyo, ziligawa sawa. Lakini angalau punda alikuwa na mstari wake kwenye jedwali. Punda milia hakuwa na mstari wowote.

Punda alipofika Boma la Isiolo kudai chake, alimkuta Karani. Mnamjua: yule ndege mrefu wa miguu mikavu anayetembea nyasini akikagua, mwenye manyoya meusi kisogoni ambayo kila mtu huyadhania kalamu. Yeye mwenyewe huyadhania hivyo.

"Jina?"

"Punda."

"Kitabu kinasema Punda Milia."

"Kitabu kimekosea, Bwana Karani."

"Kitabu hakikosei, mzee. Kitabu hunakiliwa."

Punda akageuka ubavu, aonekane. Kijivu kitupu, mchirizi mmoja mweusi wa kuzaliwa uliopita mgongoni hadi mkiani. Karani aliinama, akaupima kwa mdomo, akaandika kitu pembeni.

"Mlia mmoja upo," akasema. "Kwa hiyo kitabu kina ukweli wa kutosha."

Kisha akamweleza, kwa upole wa mtu anayelipwa mwisho wa mwezi hata iweje. Punda milia ni mnyama wa porini. Mnyama wa porini haandikishwi jeshini. Asiyeandikishwa hakwenda Bama. Asiyekwenda Bama hana malipo. Na asiye na malipo hana sababu ya kuwasumbua watu na marekebisho ya kitabu. Punda akamwonyesha zile tepe. Karani akatikisa kichwa: tepe ni mali ya jeshi, askari anapoachishwa huzirudisha. Ukiwa nazo bado, ama hujaachishwa, na hapo wewe ni mtoro. Ama ulizichukua, na hapo wewe ni mwizi. "Mimi nakushauri uzifiche," alisema, na nadhani alimaanisha wema.

Ilikuwepo njia, lakini. Ipo njia kila wakati, na hapo ndipo ofisi huishinda dhuluma ya kawaida. Punda alitakiwa kujaza fomu na kuambatisha cheti cha kuachishwa jeshi. Cheti kilikuwa ndani ya faili. Faili hufunguliwa kwa mwenye faili. Mwenye faili alikuwa Punda Milia.

Na hii, tuseme kidogo, ilikuwa Isiolo, mji ambao wastaafu wa jeshi ni sehemu ya misingi yake. Baada ya vita vya kwanza Waingereza waliwapa makazi hapo askari wa Kisomali waliowatumikia, ndio mababu wa Isahakia wa leo. Ungedhani mji wa namna hiyo ungemtambua sajini akipita barabarani. Barabarani walimtambua. Watu walimpigia saluti dukani, wakampa chai. Dukani hakukuwa na kitabu.

Akaambiwa rekodi asilia ziko Nairobi. Kwenda Nairobi kulihitaji pasi, kwa kuwa kwa sheria za kikoloni viumbe wa kaskazini hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila karatasi, na kizuizi kilikuwa hapo hapo Isiolo, kikilindwa na Kobe ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikifungua chote. Punda alikwenda hadi Bama bila kuombwa pasi. Walimsukuma melini. Sasa Kobe akamuuliza: "Shughuli gani Nairobi?" Akajibu: "Kuthibitisha kwamba niliwahi kutoka hapa." Kobe alilifikiria jibu hilo hadi jioni.

Nairobi ilimpa kitu kimoja tu cha maana. Katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue alizikuta sanamu tatu za shaba, zilizosimamishwa mwaka 1928 kwa ajili ya Waafrika na Waarabu wa vita vya kwanza: askari, mpagazi na mpiganaji wa Kiarabu. Chini yake kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanayomwahidi aliyekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Punda aliyejifunza kusoma jeshini aliyasoma mara mbili, akazunguka nyuma, akainama kuangalia upande wa chini. Alikuwa akitafuta majina. Hayakuwepo, na walioahidi walikuwa na sababu: hawakuyaandika. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Babu yake Punda alikuwa mpagazi wa Kariakoo, kikosi cha wapagazi wa vita hivyo vya kwanza. Alizikwa popote alipoangukia.

Kwenye makao makuu walimsikiliza vizuri, wakampa kiti, wakamwambia kosa lililofanyika Isiolo hurekebishwa Isiolo.

Miaka ikapita kwa namna ipitayo Oldonyiro, yaani kwa ukame. Desemba 1963 bendera ilibadilishwa pale Boma na Punda akashuka tena, shingo juu, akiamini kwamba serikali ya wenyewe itamjua mwenyewe. Alimkuta mtoto wa Karani. Kabati zilikuwa zile zile, na funguo zilikuwa zimekabidhiwa kwa risiti. "Tumerithi kitabu jinsi kilivyo," akasema kijana, kwa fahari kidogo, maana kilikuwa kitabu kinene. Halafu vita vya shifta vikafunika kaskazini yote, na katika miaka hiyo mkazi wa Isiolo aliyefika ofisini kuzungumzia utaalamu wake wa kubeba makombora usiku aliulizwa maswali mengine kabisa. Punda alikuwa mzee lakini hakuwa mjinga. Akabeba maji, akanyamaza.

Aliporudi tena mambo yalikuwa yamelegea, na fomu mpya ilikuwa na kifungu cha mashahidi: wawili waliotumikia pamoja na mwombaji. Hapo moyo wake uliruka, kwa sababu shahidi mmoja hakuwa mbali. Alikuwa nyuma ya sikio lake la kushoto.

Kupe alikwenda Bama. Hilo hakuna awezaye kumnyima. Alipanda Isiolo mwaka 1940 akiwa mdogo asiyeonekana, akavuka Uhabeshi, akala bahari yote bila kutapika, akapita Kabaw na kuvuka Chindwin, na kila hatua ya safari hiyo alikuwa juu ya Punda. Alirudi akiwa mnene. Punda hakuwahi kumchukia. Vitani huchagui wa kulala naye.

"Ndugu yangu," Punda alimwambia, "nataka uniandikie tu kwamba nilikuwepo."

Kupe alikohoa kikohozi cha mtu mwenye nafasi. Ndipo Punda alipojua kwamba mwenzake alikuwa mwenyekiti wa chama cha wapiganaji wastaafu wa bonde lote la mto ule, tangu zamani. Alikuwa na kadi. Alikuwa na nishani. Siku za sikukuu alikuwa akipelekwa jukwaani kuketi mstari wa mbele, na Punda, akifikiri juu yake baadaye, alikumbuka kwamba ndiye aliyekuwa akimpeleka. Kanga alipomwandika mwaka 1946 hakukuwa na utata wowote: Kupe, mmoja. Jina fupi, safu ilitosha.

"Nitakuandikia," alisema Kupe, "lakini uelewe ugumu wangu. Nikisema nilipanda punda, na kitabu kinasema hakukuwa na punda, watauliza mimi nilifikaje." Alikuwa na hoja. Miaka yote niliyosikiliza habari za vyama vya wastaafu, za huku na za kwingine, sijasikia hoja ya kweli zaidi ya hiyo.

Mwaka 2013 ikaja kaunti. Ofisi zikasogea karibu, kuta zikapakwa rangi, na Karani mjukuu akapewa kompyuta. Punda alipokelewa kwa maji baridi ya chupa. Karani mjukuu akamsomea Jedwali la Nne la Katiba: ulinzi wa taifa ni kazi ya serikali kuu. Kaunti ingeweza kumsaidia kwa mambo ya mifugo, masoko, zahanati za vijijini. "Sisi tungependa sana kukukosea, mzee," alisema, "lakini si mamlaka yetu." Mtandao nao ulikuwa umelala.

Sasa nifike 2016, mwaka ambao ungestahili hekaya yake peke yake.

Januari ya mwaka huo magari yalikuja Oldonyiro na kila upande wa kaskazini, Samburu, Laikipia, Marsabit, yakiwa na watu wenye kamera zinazopima mahali pa kila picha. Walikuwa wanahesabu punda milia wa Grevy. Huyu ni mnyama mwenye bahati ya kisiasa: mwaka 1882 mmoja wake alipelekwa zawadi Ufaransa kutoka Uhabeshi, akafika kwa rais Jules Grévy, na ukoo mzima ukabaki na jina la rais. Masharti ya hesabu yalikuwa rahisi. Kila mmoja anapigwa picha ubavu wa kulia, kwa kuwa milia ya ubavu wa mmoja haifanani na ya mwingine, na mashine inaweza kuisoma na kumtambua mwenyewe hata miaka ikipita. Walipatikana 2,350. Waliporudi 2018 walipata 2,812. Hakuna shahidi, hakuna cheti, hakuna nenda urudi kesho. Simama tu, geuka kulia.

Sina ugomvi na hesabu hiyo. Punda milia hao ni wachache na karibu wote duniani wako Kenya, wahesabiwe. Ninachosema ni kwamba Punda alisimama kando ya barabara ya Kipsing tangu alfajiri, ubavu wa kulia ukitazama barabara, kitambaa cha tepe kimepigwa pasi. Ikiwa kitabu kinasema yeye ni punda milia, basi angalau apigwe picha ya punda milia, ipatikane karatasi moja yenye sura yake. Gari lilisimama. Kijana akatoa kamera dirishani, akarekebisha lenzi, akasubiri.

"Mzee, sogea kidogo," akasema kwa heshima. "Unawakinga walio nyuma yako."

Mwaka huo huo Fisi alianza kuvaa koti. Mogotio na Naivasha kulikuwa kumefunguliwa machinjio ya punda, yenye leseni, na ngozi zilisafirishwa hadi Uchina kuchemshwa ziwe dawa. Punda aliyekuwa hauziki akawa na bei, kisha bei ikapanda, kisha akaanza kupotea usiku. Wanawake wa Oldonyiro waliamka asubuhi wakakuta kamba zimekatwa, wakaenda mtoni na madebe migongoni mwao wenyewe. Fisi alikuwa dalali. Alikuja mchana kweupe, na fomu.

"Nimesikia shida yako," alimwambia Punda. "Inauma. Mpiganaji mzima! Mimi nakutambua." Akafungua karatasi: tamko kwamba aliyetia sahihi hapa chini ni punda, halisi, mtu mzima, asiye na ugonjwa wa ngozi. Muhuri ulikuwa umekwisha kupigwa. Hakuulizwa mwaka wa kuzaliwa, wala rika, wala faili. "Weka kwato hapa. Gari linaondoka saa nane za usiku."

Tangu arudi kutoka Bama, Punda hakuwahi kuona karatasi yenye jina lake sahihi. Nasikia aliitazama kwa muda mrefu, na mimi namwelewa. Mahali pekee katika nchi palipokuwa tayari kumwandika kuwa punda, bila shahidi na bila kumzungusha, palikuwa na mizani na kisu. Aliomba apewe nakala aondoke nayo nyumbani. Fisi akasema nakala hutolewa baada ya shughuli.

Usiku huo Punda alilala na akina mama ndani ya boma la miiba, na kwa miaka minne iliyofuata, kila mgeni alipomuuliza yeye ni nani, alijibu bila kupepesa macho: "Punda milia. Angalia kitabuni." Februari 2020 serikali ilipotangaza kupiga marufuku biashara hiyo ya kuchinja punda, alirudia jina lake siku hiyo hiyo. Karani mjukuu aliliandika hilo kwenye faili: mwombaji hubadilisha maelezo.

Katikati ya mambo hayo, mwaka 2018, Uingereza ilitangaza pauni milioni 11.8 za kuwasaidia wapiganaji wa zamani wa Jumuiya ya Madola walio fukara, pamoja na wajane wao, wapate walau milo miwili kwa siku. Milo miwili, miaka sabini na mitatu baada ya vita. Habari ilifika Oldonyiro kwa redio ya duka. Kupe aliunda kamati.

Sijui ni redio hiyo au ni ukaguzi fulani, lakini kitu kiliitikisa ofisi, na Karani mjukuu akapewa amri ya kumaliza mafaili yote yenye malalamiko. Naye, tumpe haki yake, alifanya kazi ambayo baba na babu hawakuifanya. Alishuka stoo. Alipangusa vumbi, akachambua karatasi za kambi moja moja, na siku ya tatu akaipata ile ya Kanga, yenyewe, wino bado unasomeka: Punda, milia mitatu.

Akaiweka kando ya kitabu kikubwa. Kitabu: Punda milia. Karatasi: Punda, milia mitatu. Nyaraka mbili za serikali, zote halali, zinatofautiana. Kanuni zinasema nyaraka zikitofautiana zioanishwe. Akazioanisha: Punda milia, mitatu. Akasoma kwa sauti, na hapo kitu kikamkera. Karani mjukuu alikuwa amesoma. Kiswahili alipata alama ya juu kabisa. Mnyama hahesabiwi kwa "mitatu". Hilo ni kosa la ngeli, na serikali haiwezi kutoa barua yenye kosa la ngeli. Akasahihisha.

Barua ilifika Oldonyiro kwa bodaboda. "Ombi lako la marekebisho limekubaliwa. Rekodi sasa inasomeka: Punda milia, watatu. Mnatakiwa kufika ofisini wote watatu, mkiwa na vitambulisho, kupokea malipo yenu."

Punda aliisoma akiwa na madebe mgongoni. Aliisoma tena alipoyatua. Kisha akateremka mtoni, mahali punda milia hunywa jioni, akawaamkia. Vijana wawili walikubali kumsikiliza. Hawakuwa wamewahi kusikia Bama, lakini walikuwa na adabu, wakamwita mzee, na kila mmoja alikuwa na picha yake ya ubavu wa kulia, yenye namba. Walichoomba ni kujua zamu ya kusema ikifika waseme walipigana wapi. Punda aliwafundisha njia nzima hadi Isiolo: Kabaw, Chindwin, Kalewa. Walipopita Kipsing walikuwa wanaweza hata kuhesabu ruba.

Malipo yalikuwa tayari. Shilingi 3 na nusu kwa mwezi, miezi 72, jumla shilingi 252, bila riba, kwa watatu: 84 kila mmoja. Karani mjukuu alichukua picha ya kwanza, akailinganisha na ubavu, akagonga muhuri. Ya pili, vivyo hivyo. Hakuwauliza lolote kuhusu Kalewa.

"Wa tatu yuko wapi?"

"Mimi hapa," Punda akasema.

Karani alimtazama, masikio hadi kwato, akaangalia karatasi, akamtazama tena. "Mzee," akasema, "wewe ni punda."

Punda akamwomba aliandike hilo. Neno hilo hilo, si zaidi, na muhuri chini yake. Karani akasikitika kweli kweli, akaeleza kwamba ofisi haimwandikii barua asiyekuwemo kitabuni, na foleni ni ndefu. Shilingi 84 akazirudisha kwenye bahasha ya hazina. Kisha akafungua kitabu kikubwa, na mbele ya nafasi ya tatu akaandika: hakutokea.

Punda aliyasoma maandishi hayo juu chini kutoka upande wake wa meza. Akaomba fomu.

"Ya jina," Karani akauliza, "au ya mahudhurio?"